Ryzen 5 3600 niliyoovakloki inazima nikirenda video: nibadilishe prosesa, pawa saplai, au nihamie AM5?

#1 Kamera Mbili
Wakuu habari zenu. Mashine yangu ya kazi (video za harusi, sendofu, ubarikio) imeanza kunitesa. Prosesa ni Ryzen 5 3600 niliyoiovakloki, yaani nimeipandisha kasi kupita ya kiwandani, nikaiweka 4.2 GHz kori zote kwa volti 1.35, juu ya mazabodi ya B450 ya bei ya chini. RAM ni GB 16 za DDR4-3000, kadi ni GTX 1660 Super, pawa saplai imeandikwa 500W. Imekaa hivyo miaka bila tatizo. Tangu Desemba nikirenda (kutoa faili ya mwisho) video ndefu inazima ghafla kama umeme umekatika, halafu inajiwasha yenyewe. Skrini ya bluu hakuna. Cha ajabu alfajiri inapiga kazi vizuri kabisa. Inazima saa nane mchana, na inaanza tena kuzima saa mbili usiku.

Nina milioni moja na nusu. Nilikuwa nafikiria kununua Ryzen 7 5800X3D niiovakloki, vingine vibaki. Au niuze yote nihamie AM5, soketi mpya ya AMD? Niko Tabata, Dar. Kuna bibi harusi anapiga simu kila siku kuulizia video yake, kwa hiyo wakuu msichelewe.

#2 Nasubiri Wataalamu
Nimekaa hapa mbele kabisa. Wenye mashine waje.

#3 Fundi Volti
Usinunue prosesa bado. Fungua kesi utusomee kibandiko cha pawa saplai. Achana na ile "500W" ya herufi kubwa. Tafuta mstari wa +12V uone ni ampea ngapi, kisha zidisha mara 12. Hizo ndizo wati zinazoliwa na prosesa na kadi. Zilizobaki ni za laini ya 3.3 na ya 5, ambazo siku hizi hazina mzigo mkubwa. Halafu angalia nyuma: kuna kiswichi chekundu cha 115/230?

#4 Kashe Kubwa
5800X3D ndiyo mfalme wa AM4, soketi ya mazabodi yako, mkuu usisikilize maneno. MB 96 za kashe ya L3, kumbukumbu ya ndani ya prosesa. Mimi nimetoka 2600 nikaingia huko, gemu zangu za magari na ndege zimekuwa kitu kingine kabisa. Weka hiyo, ivute mpaka 4.8, umemaliza.

#5 Dada wa Taimulaini
Kashe Kubwa, hiyo 4.8 haipo kwenye B450 ya bei ya chini. 5800X3D ilitoka Aprili 2022 kizidishi chake (namba inayozidisha kloki ya msingi) kikiwa kimefungwa, kwa sababu kashe imebandikwa juu ya kori na haivumilii volti kubwa. Kwa kasi ya kawaida inagota 4.5. Watu wanachofanya ni kuishusha volti kidogo ipoe, basi. X3D ya kwanza ya AM5 kufunguliwa ni 9800X3D ya Novemba 2024, ambapo kashe ilihamishwa ikakaa chini ya kori.

Na mwenye uzi anarenda video. Kashe ile kubwa inafaidi gemu. Kurenda kunataka kori nyingi na kloki.

#6 Kashe Kubwa
Kuna mazabodi zenye jenereta ya kloki ya nje, unapandisha kloki ya msingi hata kama kizidishi kimefungwa. Watu wamefika huko. Sijasema uongo.

#7 Dada wa Taimulaini
Zipo, sikatai. Ni za daraja la juu kabisa. Yake ni B450 ya bei ya chini, kaisema mwenyewe.

#8 Mbeya Baridi
Mbona hakuna anayezungumzia joto? Desemba hadi Machi Dar ni nyuzi 32, 33, na unyevu juu. Kipoozeo cha hewa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, na chumba kikipanda nyuzi kumi, prosesa nayo inapanda karibu hizo hizo kumi. Huku kwetu Juni nafunga dirisha na mashine inabaki chini ya nyuzi 60 kwa mzigo kamili. Mkuu hiyo ni ovakloki ya Uyole unaiendesha Tabata.

#9 Nasubiri Wataalamu
Mbeya Baridi kila uzi lazima atuambie kwao kuna baridi. Tumejua mkuu, tumejua.

#10 Kamera Mbili
Fundi Volti, nimesoma: +12V 25A. Kiswichi chekundu kipo. Nembo ya 80 Plus, ya kuthibitisha ufanisi, haipo.
Mbeya Baridi, nimebadilisha kipoozeo mwaka jana. Nilitoa ile feni fupi iliyokuja na prosesa nikaweka cha mnara chenye feni ya milimita 120. Prosesa inasoma nyuzi 84 mchana, 74 alfajiri.

#11 Fundi Volti
Basi pawa saplai yako ni ya wati 300, si 500. Hesabu tuifanye wote. 1660 Super imepangiwa wati 125. 3600 ni chipu ya "65W", ila ikiwa ya kiwandani AMD wanairuhusu kufika 88 kwenye soketi. Ukishaweka kloki kwa mkono vikomo hivyo vinakaa pembeni, kwa hiyo kwa 1.35 tegemea mia na kitu. Ongeza mazabodi, diski, feni. Kwa wastani unaweza kuishi. Ila kadi haili kwa wastani, inadaka umeme kwa vipande vya milisekunde, na pawa saplai ya hivyo ikizeeka kapasita zake zinashindwa kujaza pengo.

La pili ni hicho kiswichi. Maana yake haina PFC hai, saketi inayorekebisha namna inavyovuta umeme wa ukutani. Pawa saplai za kisasa zenye PFC hai zinapokea volti 100 hadi 240 bila kuchagua, laini ikishuka zenyewe zinavuta ampea zaidi na maisha yanaendelea. Ya kwako imefungwa kwenye upande wa 230. Saa mbili usiku mtaa mzima umewasha jiko, pasi, TV na AC. Laini inashuka, wewe unarenda, inazima. Alfajiri watu wamelala, inafanya kazi. Jibu ndilo hilo.

#12 Mbeya Baridi
Hiyo inaeleza saa mbili usiku. Saa nane mchana je? Mtaa wa Tabata haupiki saa nane.

#13 Fundi Volti
Saa nane AC zote zinanguruma, maofisini na majumbani.

#14 Mwana wa Likoni
Salaam kutoka Mombasa. Nyote mwasahau chumvi. Sisi wa pwani, hewa ya bahari yala shaba na bati polepole, na wala huioni mpaka uchomoe. Mashine yangu ilikuwa yazima vivyo hivyo, nikaambiwa pawa, nikaambiwa joto. Nilipotoa RAM nikaona meno yake yameingia weusi, na kwenye tundu la nyaya nane za prosesa kuna ukungu wa kijani. Nikasafisha RAM kwa kifutio cha penseli, tundu kwa brashi na spiriti, ikatulia hadi leo. Hilo ni bure, lianze hilo kabla ya kununua chochote.

#15 Fundi Volti
Tabata si ufukweni, ila sikatai, kusafisha hakugharimu kitu. Kifutio tu ndicho siungi mkono, kinakwangua dhahabu ya meno na kuacha vumbi lake ndani ya sloti. Tumia isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi.

#16 Mwana wa Likoni
Mafundi wangapi wa Mombasa wamelea watoto kwa kifutio hicho hicho.

#17 Mzee wa Pentium
Vijana mnanikumbusha mbali. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, tukabadilisha basi kutoka MHz 66 kwenda 100, ikatoka 300 ikaenda 450 kwa kipoozeo cha kawaida. Nusu nzima ya kasi, bure! Baadaye kwa Athlon na Duron tukawa tunaunganisha vidaraja vya juu ya chipu kwa penseli ili kizidishi kifunguke. Kwa hiyo Mwana wa Likoni, penseli na kompyuta ni marafiki wa siku nyingi, kichwa na mkia.

Ninachotaka kumwambia mwenye uzi ni hiki: zama zile kiwanda kilikuwa kinakuachia asilimia 50 mezani. Siku hizi chipu inajivuta yenyewe mpaka karibu na mwisho. 3600 yako ikiachwa ilivyo inafika 4.2 kwenye kori moja, na kori zote ni karibu 4. Wewe unachoma volti 1.35 siku nzima kwa faida ya asilimia chache. Rudisha mipangilio ya kiwandani leo usiku uone kama itazima.

#18 Buda wa Ngara
Hapa Nairobi ningekuambia uachane na hayo yote. Tafuta workstesheni iliyotumika, zile HP Z440 au Dell Precision zinazoingia kwa kontena. Xeon, RAM ya ECC inayojisahihisha makosa, pawa saplai ya wati 700 iliyojengwa kama tofali. Mimi na-edit nayo na haijawahi kunizimia.

#19 Dada wa Taimulaini
Buda, uzi ni wa kuovakloki. Hata kama baadhi ya Xeon E5-1600 kizidishi chake kiko wazi, BIOS ya HP (programu ya mazabodi) haikupi pa kugusa. Pawa saplai yake ina umbo na plagi za HP peke yake, ikifa unaisubiri. Na Xeon hizo hazina sehemu ya ndani ya kusoma video, jambo ambalo kwa kazi yake ndilo kubwa.

Kamera Mbili, nijibu: unapiga kwa kamera gani, na umeibadilisha lini?

#20 Kamera Mbili
Sony. Nilikuwa na ya zamani ya biti 8. Novemba nikachukua mpya, napiga H.265 (mfumo wa kubana video) biti 10, 4:2:2 yenye taarifa zaidi za rangi, 4K. Rangi za mashela na ngozi zimekuwa tamu sana, sirudi nyuma. Na-edit kwenye Premiere Pro.

#21 Dada wa Taimulaini
Novemba kamera mpya, Desemba mashine inaanza kuzima. Wakuu mmeona?

Nieleze. Faili za zamani za biti 8 zilikuwa zinasomwa na kadi ya 1660 Super, ina saketi maalumu ya kazi hiyo. Hizi za 4:2:2 biti 10 saketi hiyo haizijui. Nvidia wameanza kuzisoma kwenye RTX za mfululizo wa 50, mwaka 2025. Kwa hiyo kila fremu sasa inafunguliwa na prosesa: kamera mbili, fremu 50 kwa sekunde, rangi juu yake, kisha kurenda. Ile ovakloki uliyoiona imetulia miaka yote haikuwahi kupewa mzigo kama huu. Ilikuwa inafaulu mtihani mwepesi.

Upande mwingine, Intel zenye kadi ya ndani kuanzia kizazi cha 11 zinasoma H.265 ya 4:2:2 moja kwa moja. Hata i5-12400 ya kawaida inateleza kwenye taimulaini ambayo 3600 yako inakwama. Angalia tu isiwe 12400F, hiyo herufi F inamaanisha kadi ya ndani imezimwa. Njia nyingine ni kuongeza kadi ndogo ya Intel Arc A380 kwenye sloti ya pili, ikusaidie kusoma tu, huku 1660 ikiendelea na rangi na efekti. Na kuna njia ya bure kabisa: tengeneza proksi (nakala nyepesi za video) usiku, ufanye kazi mchana kwenye faili nyepesi. Proksi hazitakusaidia wakati wa kurenda faili ya mwisho, lakini taimulaini itakuwa laini.

#22 Kashe Kubwa
Dada hapo umeeleweka. Ila bado jioni anataka kucheza gemu.

#23 Samawati Damu
Kwa maelezo hayo jibu ni Intel tu. Chukua i5-13600K na mazabodi ya Z690 ya DDR4, RAM yako inabaki. Kizidishi wazi, unavuta kori kubwa zote 5.4, na kadi ya ndani inasoma 4:2:2. Mchezo umekwisha.

#24 Mbeya Baridi
Samawati Damu, unamwambia mtu ambaye mashine inazima ahamie kizazi cha 13? Intel wenyewe walikiri mwaka 2024 kwamba kizazi cha 13 na 14 cha mezani zilikuwa zinajiomba volti kubwa kupita kiasi mpaka zinaharibika taratibu. Wakatoa maikrokodi (programu ya ndani ya prosesa) 0x129 Agosti 2024 na kuongeza dhamana miaka miwili. Ukinunua iliyotumika huwezi kujua ilikaa miezi mingapi bila hiyo maikrokodi, na iliyokwisha kuharibika haiponi kwa BIOS mpya.

#25 Samawati Damu
Achukue mpya na BIOS mpya, hana shida. Au 12600K, kizazi cha 12 hakimo kwenye kesi hiyo. Mnatisha watu bure.

#26 Baharia wa Muscat
Wadau salaam kutoka Muscat. Samawati Damu kagusa jambo la maana bila kulitilia mkazo: RAM. Kuanzia mwisho wa 2025 bei ya RAM imeruka, viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili bandia. Micron walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaifunga chapa yao ya Crucial kwa wateja wa kawaida. AM5 ni DDR5 peke yake, kwa hiyo ukihamia huko leo, milioni na nusu yako itamezwa na mazabodi na RAM kabla hujafika kwenye prosesa. Mwenye DDR4 mkononi aishikilie.

Mimi vifaa nachukua Dubai, mtaa wa kompyuta wa Bur Dubai, Khalid bin Al Waleed. Ushauri wangu kwa anayetumiwa na ndugu: prosesa mwambie aipige picha juu na chini kabla ya kulipa. Kwa AM4 hesabu pini kwa macho, iliyopinda hata moja ni ugomvi. Na dhamana ya duka la Dubai haikufuati Dar.

#27 Nasubiri Wataalamu
Baharia, nikitaka kipoozeo cha maji utanibebea?

#28 Baharia wa Muscat
Njoo PM. Lakini cha maji cha nini? Cha hewa chenye minara miwili kinatosha, hakina pampu ya kufa, na akihamia AM5 baadaye kinaingia, matundu ya kufungia yamebaki yale yale.

#29 Fundi Volti
Turudi kwenye mada. Nina swali kwa Kamera Mbili kuhusu kipoozeo. Ile feni fupi ya AMD ilikuwa inapuliza kwenda chini, hewa inagonga mazabodi na kupoza zile chipu za volti zilizozunguka soketi. Cha mnara kinapuliza kuelekea nyuma ya kesi. Mazabodi za bei ya chini hazina hitisinki ya maana pale. Inawezekana prosesa inasoma nyuzi 84 nzuri, huku chipu za volti zikiwa zaidi ya 110 na hakuna anayezipima. Zikifika kikomo zinakata.

#30 Mbeya Baridi
Kwa hiyo sasa umekubali ni joto.

#31 Fundi Volti
Nimesema inawezekana. Pawa saplai bado ni mshukiwa wa kwanza.

#32 Mbeya Baridi
Tuache kubashiri. Kamera Mbili, bonyeza Windows na R, andika eventvwr, ingia kumbukumbu za System. Utakuta Kernel-Power 41 nyingi. Hiyo haina maana yoyote zaidi ya "nimezimika bila kuagwa". Tafuta WHEA-Logger. Ukikuta namba 18, prosesa yenyewe imeripoti kosa la kufisha, hapo ni volti au kloki. Ukikuta 19, ni kosa lililosahihishwa, mara nyingi basi ya ndani inayounganisha kori na RAM. Usipokuta chochote zaidi ya 41, mpe Fundi Volti ushindi wake.

#33 Kamera Mbili
Nimeangalia. 41 zimejaa. WHEA-Logger 18 zipo chache, zimeandikwa Cache Hierarchy Error. Zote ni za mchana. Za usiku ni 41 peke yake.

#34 Mzee wa Pentium
Basi una magonjwa mawili ndani ya mwili mmoja.

#35 Mbeya Baridi
Au moja. Chipu ikikaa miaka kwa 1.35 na joto, njia zake za ndani zinachoka, na kloki iliyokuwa imara kwa volti zile inaanza kuhitaji zaidi. Mchana wa joto inashindwa kabisa na kuandika 18. Usiku inashindwa ghafla hata kuandika hairuhusiwi.

#36 Fundi Volti
Pawa saplai chafu nayo inaleta 18. Laini ya 12V ikiyumba, chipu za volti za mazabodi zinayumba nayo, kori inakosa volti kwa kitambo kidogo, kashe inakosea. Usipopima kwa osiloskopu huwezi kutenganisha hayo mawili.

#37 Mwana wa Likoni
Na RAM mmeipima? Ifanyieni MemTest86 usiku mmoja. RAM mbovu yaharibu hata faili za wateja kimya kimya, harusi ya watu ikawa na fremu za kijani.

#38 Kamera Mbili
Mrejesho. Nimesafisha kila kitu kwa isopropili. MemTest86 imepita bila kosa, RAM ikiwa kwenye 3000. Nimerudisha prosesa kwenye mipangilio ya kiwandani kama alivyosema Mzee. Mchana haijazima tena, na muda wa kurenda umeongezeka kidogo sana, hata sikuuona. Usiku imezima tena jana. Jirani ana mita, tumepima kwenye soketi: alfajiri 231, saa mbili na nusu usiku 198.

#39 Fundi Volti
Nimesemaje?

#40 Mbeya Baridi
198 pawa saplai yoyote nzima inaiweza, hata ya kiswichi. Zimeandikwa kushuka mpaka 180.

#41 Fundi Volti
Mita ya mkononi inaonyesha wastani, haioni mdidimio wa robo sekunde jirani anapowasha kompresa ya friji. Pawa saplai nzuri inatakiwa ishikilie kama milisekunde 16 bila umeme kabisa kwa mzigo kamili. Ya kwako ikianza kutoka 198 badala ya 230, kapasita zake hazijajaa, haishikilii hata nusu ya hapo.

#42 Buda wa Ngara
Nunua stebilaiza.

#43 Fundi Volti
Zile za rilei zinapobadilisha hatua, "tak", zenyewe zinakata umeme kwa milisekunde kadhaa. Kwa pawa saplai dhaifu ndiyo unamwongezea ugonjwa. UPS ni bora, ila nayo angalia: zile za bei ya chini zinatoa wimbi la ngazi, na baadhi ya pawa saplai zenye PFC hai hazilipendi wimbi hilo, umeme wa nje ukikatika zinazima. Ijaribu dukani kwa kuchomoa plagi kabla hujalipa.

#44 Dada wa Taimulaini
Mimi nabaki pale pale, mzigo wa 4:2:2 ndio ulioyaamsha yote haya. Punguza mzigo huo na hata hiyo pawa saplai mbovu ingekaa kimya mwaka mwingine.

#45 Mzee wa Pentium
Ikae kimya mwaka mwingine halafu ife na diski ya harusi za watu. Hapana, hiyo itoke kwanza.

#46 Kamera Mbili
Nawashukuru wote. Naanza na pawa saplai ya wati 650 yenye PFC hai na nembo ya Gold, kisha UPS. Pesa itakayobaki nataka prosesa ya AM4, RAM isiguswe. Nachagua kati ya 5700X na 5900X. Arc A380 itafuata harusi za Juni zikilipa. Kuna wa kuniambia kuhusu BIOS? Yangu ni ya 2019.

#47 Mbeya Baridi
Lazima uisasishe kabla ya kuvua 3600, Ryzen 5000 haitawaka kwenye BIOS ya 2019. Fanya alfajiri laini ikiwa na 231 na UPS ikiwa imejaa, usifanye saa mbili usiku kwa namna yoyote. Soma maelezo ya mtengenezaji, baadhi wanataka upitie toleo la kati kwanza. Rudisha RAM kwenye kasi ya msingi na ovakloki izimwe kabla ya kuanza. Umeme ukikatika katikati, kama mazabodi haina kitufe cha kuandika BIOS bila prosesa, itabidi umtafute fundi mwenye kifaa cha CH341A aiandike chipu moja kwa moja.

#48 Kashe Kubwa
5900X mkuu. Kori 12. Ukishindwa kupata 5800X3D, mpya zimeadimika, basi angalau chukua kori.

#49 Samawati Damu
Kori 12 zisizosoma 4:2:2. Haya.

#50 Mzee wa Pentium
Yoyote utakayochukua, usiandike tena 4.2 kwa mkono. Ryzen 5000 zina Curve Optimizer: unashusha volti kori kwa kori, anza na hasi 10, rendea harusi nzima, ikipita nenda hasi 15. Chipu ikipoa inajipandisha yenyewe.

#51 Dada wa Taimulaini
Kabla hujalipia 5900X, vua kipoozeo, piga picha eneo lililozunguka soketi uitume hapa. 5900X imepangiwa wati 105 na inaruhusiwa kufika 142 kwenye soketi. 5700X imepangiwa 65. Zile chipu nyeusi za volti zikiwa wazi bila hitisinki, sahau 5900X kwenye mazabodi hiyo. Na usisahau pesti mpya ukirudisha kipoozeo.

#52 Kamera Mbili
Kesho asubuhi naipiga. Upande wa juu nakumbuka hakuna hitisinki, upande wa kushoto ipo ndogo.

#53 Fundi Volti
Basi ni 5700X. Na iliyobaki nunua feni ya milimita 120 uifunge juu ya kesi, ielekee pale.